Flashi imejaa vishale: usiifomati, mafaili yako bado yamo

Assalaam alaykum watazamaji, karibuni. Umekwenda stesheneri Darajani au Michenzani, au huko Chake, umechapisha kurasa zako mbili, umerudi nyumbani. Unachomeka flashi kwenye laptopu, unakuta kila folda imeota kishale. Sogea karibu na skrini uone: kishale kiko pembe ya chini, kushoto mwa ikoni. Folda ya "Mitihani", ya "Picha za Harusi", ya "CV", zote zinacho, na safu ya ukubwa inasema 1 KB au 2 KB. Folda ya kweli haiandikiwi ukubwa kwenye safu hiyo. Basi hizo unazoziona si folda. Ni njia za mkato zilizotengenezwa na kirusi na kuvalishwa sura ya folda zako.

Jambo la kwanza: usiifomati flashi. Ukiambiwa "fomati tu, imeshaharibika", kataa. Mafaili yamo. Rudi kwenye "This PC", bofya kulia juu ya flashi, chagua "Properties", usome palipoandikwa "Used space". Hapa kwetu inasema gigabaiti 5.8. Njia za mkato tano za kilobaiti mbili mbili haziwezi kula gigabaiti tano. Kitu kimefichwa.

Kama una simu ya Android na kiunganishi cha OTG, yaani kile kinachounganisha flashi na simu, ichomeke flashi kwenye simu kabla ya kufanya lolote jingine. Folda zako zote utaziona, zimekaa kando ya zile njia za mkato. Android haijali alama ya kuficha inayotumiwa na Windows, na skripti, yaani faili la amri, iliyoandikwa kwa Windows haiwezi kukimbia humo. Nakili papo hapo kazi zako za lazima kwenye simu, nyaraka na picha tu, si faili usilolijua. Ila kuna mtego: flashi ikiwa imefomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa kuhifadhi mafaili wa Windows, simu nyingi hushindwa kuisoma, zinakwambia ina hitilafu na kukupa kitufe cha kuifomati. Usikiguse. Ichomoe, tutaendelea kwenye kompyuta.

Sasa tuone kirusi chenyewe kinavyofanya kazi, maana usipokijua utasafisha leo na kesho kitarudi. Zamani virusi vya flashi vilitegemea faili la autorun.inf. Ulikuwa ukichomeka tu, Windows inaliendesha yenyewe. Kirusi cha Conficker cha mwaka 2008 kilitumia njia hiyo kama mojawapo ya njia zake za kuenea. Windows 7 ilipofunga mlango huo kwa flashi, na Microsoft ikaufunga pia kwenye XP na Vista kwa sasisho la Februari 2011, watengenezaji wa virusi walihitaji mtu wa kuwafungulia. Mtu huyo ni wewe, kwa kubofya mara mbili.

Bofya kulia juu ya hii "Mitihani" yenye kishale. Kulia tu, usibofye mara mbili. Chagua "Properties", uangalie mstari wa "Target". Utakuta kitu kama hiki:

C:\Windows\system32\cmd.exe /c start kaz.vbs & start explorer Mitihani & exit

Usome kipande kwa kipande. Kwanza inaita cmd, dirisha la amri la Windows. Kisha inaanzisha kaz.vbs, ambayo ndiyo skripti ya kirusi. Jina lake hubadilika, kwako laweza kuwa jingine kabisa. Halafu inafungua folda ya kweli ya Mitihani, iliyofichwa. Hicho kipande cha mwisho ndicho cha ujanja: ukibofya, kazi zako unaziona kama kawaida, huku kompyuta imeshaambukizwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuitumia flashi hiyo mwezi mzima, akaipeleka skuli, ofisini na kwa jirani, bila kushtuka. Ukikuta kwenye mstari huo msiexec, kisakinishi cha programu cha Windows, ikifuatiwa na anwani ya tovuti, kata intaneti ya kompyuta mara moja, kwa sababu aina hiyo huvuta programu nyingine kutoka mtandaoni.

Haya, tusafishe. Tunaanza na kompyuta, flashi itafuata. Wengi hufanya kinyume chake, na hiyo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha: skripti iliyo hai ndani ya kompyuta huikagua flashi kila baada ya sekunde chache na kuzirudisha njia za mkato kabla hujamaliza kuzifuta.

Chomoa flashi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke "Task Manager". Nenda "Details". Bofya kulia juu ya vichwa vya safu, chagua "Select columns", weka tiki kwenye "Command line". Usiiruke hatua hii, kwa sababu safu hiyo ndiyo inayokuonyesha faili linaloendeshwa limekaa wapi. Tafuta wscript.exe, kiendesha skripti cha Windows. Hapa kwetu ipo, na mbele yake pameandikwa njia, yaani anwani ya faili, inayoishia AppData\Roaming\kaz.vbs. Inakili njia hiyo kwenye karatasi, kisha uchague wscript.exe na ubonyeze "End task". Zikiwa mbili, ziue zote mbili. Aina nyingine hutumia powershell.exe au rundll32.exe, lakini hizo Windows yenyewe pia huzitumia, kwa hiyo usiziue kwa kuona jina tu. Soma kwanza njia iliyo mbele yake.

Sasa tukifuate kilipolala. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, bonyeza Enter. Kwa kawaida folda hii huwa tupu au ina vitu vichache unavyovijua. Faili la .vbs, .js au njia ya mkato usiyoijua, lifute. Rudia tena Windows na R, andika %appdata%, ifunguke ile AppData\Roaming, ulifute lile faili uliloandika kwenye karatasi. Usipoliona, nenda "View", kisha "Show", uweke tiki "Hidden items" na "File name extensions". Tiki hizo mbili usiziondoe tena maisha yako yote. Halafu rudi "Task Manager" kwenye "Startup apps" uzime kila kinachoita skripti.

Mikono yetu peke yake haitoshi. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", anza na "Check for updates", kisha "Scan options", chagua "Full scan". Hii huchukua muda, pengine saa nzima au zaidi kwenye kompyuta yenye diski ya kuzunguka. Ikimaliza, rudi hapo hapo uchague ukaguzi wa "offline". Huu huizima na kuiwasha kompyuta, na hukagua kabla Windows haijaamka, wakati kirusi bado kimelala. Ni kama dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, na umeme wa siku hiyo ni wa kuja na kuondoka, subiri utulie.

Sasa ndio zamu ya flashi. Chomeka. Dirisha likijifungua, lifunge, usibofye chochote ndani. Kwenye "This PC" tazama imepewa herufi gani; yetu ni E. Yako ikiwa F au G, badilisha kwenye kila amri nitakayoitaja. Fungua "Command Prompt" uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Nafasi kati ya vipande ni lazima. Ukiziunganisha, kompyuta itakujibu kwamba amri imekosewa. Maana yake: -h inaondoa alama ya kufichwa, -s inaondoa alama ya kuwa faili la mfumo, -r inaondoa alama ya kusomwa tu. Halafu /s inaingia kwenye folda za ndani, na /d inazihusisha folda zenyewe. Kuna anayeandika -h peke yake, akaona haifanyi kazi, akakata tamaa. Kirusi huweka h na s kwa pamoja, na attrib hukataa kuondoa h kwenye faili lenye s usipoiondoa s pia. Kwa hiyo ziandike zote. Kwenye flashi iliyojaa, amri huweza kukaa dakika kadhaa kimya, mstari unamemeta tu. Iache. Ikikwambia "Access denied" kwa "System Volume Information", hiyo ni folda ya Windows yenyewe, haina neno.

Ikimaliza, andika:

E:
del *.lnk

Zile njia za mkato zinaondoka. Kwenye flashi ya kawaida hakuna njia ya mkato ya maana, kwa hiyo hupotezi kitu. Kisha andika dir /a uone vyote vilivyobaki. Folda zako hizi hapa. Na huyu hapa kaz.vbs, mkosaji, amekaa wazi. Mfute kwa del kaz.vbs.

Aina moja ya kirusi huhamisha kila kitu kwenye folda isiyo na jina. Si kwamba haina jina kweli. Jina lake ni herufi moja isiyoonekana, inayofanana na nafasi. Ukiiona ikoni ya folda bila maandishi chini yake, ichague, bonyeza F2, ipe jina lolote, mfano "Yangu". Ifungue, na kazi zako zimo humo.

Kabla ya kufungua chochote, panga mafaili kwa "Type". Kila kilichoandikwa .vbs, .js, .wsf, .bat au .scr, na hukukiweka wewe, futa. Kuwa makini zaidi na hiki hapa: "Mitihani.exe", yenye ikoni ya folda ya manjano. Folda haina kiendelezi cha .exe hata siku moja. Futa. Kisha rudi "This PC", bofya kulia juu ya flashi, uchague "Scan with Microsoft Defender", kinga ya virusi ya Windows yenyewe.

Baada ya hapo, nakili nyaraka na picha zako kwenye kompyuta iliyokwisha safishwa, uzifungue tatu nne uhakikishe zinasomeka. Hapo ndipo unaruhusiwa kuifomati flashi ukitaka. Utaulizwa aina ya mpangilio wa mafaili: chagua FAT32 kama unaichomeka kwenye mashine ya fotokopi au redio ya gari, lakini ujue haipokei faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi. Kwa video kubwa chagua exFAT.

Jaribio la mwisho: tengeneza kwenye flashi folda moja, uiite "Jaribu". Itoe kwa "Eject", irudishe, subiri dakika mbili. "Jaribu" ikiota kishale, kompyuta bado ina kirusi, rudi kwenye "Task Manager". Wala usikimbilie kupakua programu ya bure inayojitangaza kuondoa vishale kwa bofyo moja. Na ile Windows ya krak iliyokutaka uzime Defender ili ijisajili, hiyo ndiyo iliyoacha mlango wazi.

Kwa mwenye stesheneri, neno la heshima: mashine yako inapokea flashi za mtaa mzima, na mteja anakuamini kama anavyomwamini muuza dawa. Fanya mambo haya. Akaunti ya kazi za kila siku isiwe ya msimamizi (administrator). Kama bado unatumia Windows 10, fahamu kwamba huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kubeba Windows 11 iwekee Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, uitumie kufungulia flashi za wateja, maana skripti hizi haziendi kwenye Linux. Na kwenye Windows, zima kabisa kiendesha skripti. Fungua "Command Prompt" kwa "Run as administrator", uandike mstari huu wote bila kuukata:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Tangu hapo .vbs ikibofywa, Windows inakataa kuiendesha. Ikitokea programu halali ya kazini kwako inahitaji skripti, rudia amri hiyo hiyo kwa kuweka 1 badala ya 0.

Na wewe mteja, usitembee na maisha yako yote kwenye flashi moja. Peleka PDF ya kuchapisha tu. Bora zaidi, tumia kadi ya SD. Ile kadi ndogo ya simu ukiitia ndani ya adapta yake kubwa, ubavuni kushoto utaona kitelezi kidogo cha plastiki, si kikubwa kuliko punje ya mchele. Kisukume kishuke upande palipoandikwa "Lock", kisha uchomeke kwenye kisoma kadi cha stesheneri. Visoma kadi vingi huitii alama hiyo: vitasoma, havitaandika. Kijaribu kwanza nyumbani kwa kufuta faili moja lisilo na thamani. Windows ikikujibu kwamba diski imezuiwa kuandikwa, beba kadi yako uende kuchapisha.