Maneno ya Waeyak katika mwandiko wa Warusi

Ndugu wasikilizaji, walimu wangu na wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Kieyak, lugha ya wenyeji waitwao Waeyak, kilisemwa kusini mwa Alaska, penye mdomo wa mto Copper, na kuambaa pwani upande wa mashariki. Bi. Marie Smith Jones, wa mwisho kati ya waliokinyonya pamoja na maziwa ya mama, alifariki Anchorage tarehe 21 Januari 2008 akiwa na umri wa miaka 89. Magazeti ya dunia yakaandika, na kwa watu wengi habari za Kieyak zinaanzia kwenye msiba huo. Leo naomba turudi nyuma karne mbili, kwenye karatasi.

Mwaka 1805 alifika Alaska Nikolai Rezanov, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Kirusi iliyofanya biashara ya ngozi za wanyama wa baharini. Alikuwa ametoka Japani, ambako ujumbe wake ulikataliwa. Huko Alaska ikakusanywa, chini ya mkono wake, orodha ya maneno ya lugha kadhaa za pwani, Kieyak kikiwamo: neno la Kirusi, na mbele yake safu za lugha za wenyeji. Rezanov alifia Krasnoyarsk mwaka 1807, njiani kurudi kwao, lakini maneno yale yalisalimika. Baadaye wakafuata wengine. Ferdinand von Wrangell, gavana wa Warusi huko Alaska, alichapisha msamiati wa Kieyak mwaka 1839, mtaalamu Leopold Radloff akaiandikia lugha hiyo makala kwa Kijerumani katika miaka ya 1850, na gavana Furuhjelm akaacha orodha yake ya mwaka 1862.

Sasa tuitazame kazi ya kuzisoma, maana hapo ndipo penye utamu. Mwandishi alikuwa na herufi za Kirusi tu. Kieyak kina k ya kawaida, kina nyingine inayotoka nyuma kabisa ya koo kama qafu ya Waarabu, na kila moja ina mwenzake unaotamkwa kwa kufunga koo na kuliachia ghafla. Zote nne zinaweza kuandikwa kwa herufi moja ya Kirusi. Sauti za l ni kadhaa, baadhi zikitoka kwa pumzi ya pembeni mwa ulimi, nazo Mrusi aliziandika alivyoweza. Irabu za puani hazikuwa na alama. Juu ya hayo, weka wino uliofifia na mnakili ambaye hajawahi kuisikia lugha yenyewe: herufi moja ikifanana na nyingine, neno limeshageuka.

Iko shida nyingine ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaielewa upesi. Orodha inataka neno pekee, lakini kitenzi cha Kieyak hakikai peke yake. Hubeba viambishi vya mtendaji, vya namna ya tendo, hata vya umbo la kitu kinachoshikwa. Hebu fikirini mgeni anayeomba neno la kula akajibiwa "hawajala", naye akaliandika kama lilivyo. Na mwenye kuulizwa neno la mkono hujibu "mkono wangu", kwa kuwa kiungo cha mwili katika lugha hiyo lazima kiwe na mwenyewe. Kwa hiyo ukikuta si-, yaani -angu, mwanzoni mwa jina la kiungo katika orodha ya kale, hiyo ni sauti ya mtu akijitaja mwenyewe. Mimi hunigusa sana. Orodha tunaziita kwa majina ya wakubwa na magavana. Aliyeutoa mdomoni ule msamiati amebaki ndani ya kiambishi.

Karatasi hizo zingeweza kuepusha makosa makubwa. Warusi walikuwa wamewapa Waeyak jina walilolichukua kwa majirani zao Wachugach, wasemaji wa lugha ya Kieskimo, jina lenye umbo la Kieskimo. Marekani ilipoinunua Alaska mwaka 1867, maandishi mengi yalibaki Urusi na kwa Kirusi. Mwaka 1877 mtafiti Mmarekani William Dall akawahesabu watu hawa miongoni mwa Waeskimo. Mwaka 1915 mwanaisimu Edward Sapir alipopendekeza familia ya lugha aliyoiita Na-Dene, akiunganisha lugha za wenyeji wa Amerika Kaskazini, yaani za Kiathabaska na Kitlingit na Kihaida, Kieyak hakikuwamo. Nacho ndicho kiungo kinachoziunganisha lugha za Kiathabaska na Kitlingit! Ushahidi ulikuwa umeandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla. Ilibidi mwanaanthropolojia Frederica de Laguna afike eneo la mji wa Cordova, Alaska, mwaka 1930, awakute Waeyak wenyewe, ndipo wataalamu wakakubali kuwa hii ni lugha ya pekee. Wakati huo wasemaji walikuwa wachache mno. Viwanda vya kusindika samoni vilivyoingia tangu mwaka 1889 vilikuwa vimeleta maradhi na ulevi, na vimewanyang'anya samaki wao.

Mwanaisimu Fang-Kuei Li alifanya kazi na Bi. Anna Nelson Harry, msemaji wa Kieyak, mwaka 1952. Miaka ya 1960 akaja mwanaisimu Michael Krauss, akakaa na Bi. Anna, Bi. Marie na wazee wengine, akaandika kamusi na kurekodi hadithi. Hapo thamani ya orodha ikabadilika. Anayeujua mfumo wa sauti kutoka vinywani mwa wazee anaweza kuitazama k moja ya Mrusi na kuamua ni ipi kati ya zile nne. Bila wazee hao, orodha ya mwaka 1805 ingebaki fumbo. Bila orodha, tusingekuwa na lolote la kuonyesha Kieyak kilisikikaje vizazi vitano kabla yao.

Msiseme kwamba haya ni mambo ya wafu. Guillaume Leduey, kijana wa Le Havre, Ufaransa, alianza kujifunza Kieyak katika ujana wake kwa maandishi na kanda. Mwaka 2010 alikwenda Alaska, na wajukuu wa Waeyak walioikosa lugha hiyo nyumbani wakajifunza kwake.