Anaposimama Ili Akujibu

Zainabu: Karibuni, wasikilizaji. Mimi ni Zainabu, na leo kaka Idrisa nami tunazungumzia mwendo wa wazee, hususan mazoezi yanayoishughulisha miguu na akili kwa wakati mmoja. Kaka Idrisa, umewahudumia wazee kwa miaka mingi katika tiba ya viungo. Akili inaingiaje katika jambo la miguu?

Idrisa: Inaingia kwa sababu miguu haijiendi yenyewe, dada Zainabu. Tembea na mzee, muulize jambo linalohitaji kufikiri kidogo, kisha itazame miguu yake. Wapo watakaokujibu huku wakiendelea na safari, na wapo watakaosimama kabisa, wakujibu, ndipo waendelee. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwachunguza wazee 58 kwa namna hiyo: 12 walisimama ili wazungumze, na 10 kati ya hao walianguka katika miezi 6 iliyofuata.

Zainabu: Kumi kati ya kumi na wawili! Nami siku zote nilidhani kusimama ni adabu ya mazungumzo tu.

Idrisa: Kwa wengine ni adabu kweli, ndiyo maana hatumhukumu mtu kwa kumwona mara moja. Hata hivyo, umri unaposonga, macho, nyayo na sikio la ndani hupeleka taarifa hafifu kuliko zamani, na misuli nayo hupungua, hivyo sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo inayogawa umakini, hulazimika kuzisimamia hatua ambazo ujanani hazikuhitaji msimamizi. Ukimwongezea swali, umakini uleule unagawanywa. Hatua zinafupika, kasi inapungua, na muda kati ya hatua moja na nyingine unaacha kulingana. Hilo la mwisho hunitia wasiwasi kuliko mwendo wa polepole wenyewe.

Zainabu: Unalipimaje?

Idrisa: Kwa kiti na saa. Mzee ananyanyuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, tunaichukulia kuwa dalili ya hatari ya kuanguka. Kisha anarudia safari ileile huku akihesabu kwa kutoa tatu tatu: 100, 97, 94. Mimi hutazama hasa pale anapogeuka. Utamsikia mtu akisema "tisini na moja" kwa sauti imara, lakini anapoanza kugeuka sauti inakatika, hatua zinakuwa ndogo ndogo, na mkono unatafuta ukuta.

Zainabu: Basi mzee anayejaza mafumbo ya maneno akiwa ameketi, na jioni akatembea, je, hajafanya yote mawili?

Idrisa: Ameyafanya, na yote ni mema, ila ameyafanya mbalimbali. Simpi mtu fumbo kitini nikitarajia kwamba litamsaidia kugeuka ukumbini huku akiongea. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa nchi 5 uliowahusisha wazee 302 wenye historia ya kuanguka. Wote walitembea kwenye mashine ya mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, lakini nusu yao waliwekewa skrini yenye vikwazo vya kuruka na njia za kuchagua. Katika miezi 6 iliyofuata, waliotumia skrini walianguka mara chache kuliko wenzao waliotembea kwenye mashine pekee.

Zainabu: Na asiye na mashine wala skrini?

Idrisa: Huko Geneva walitumia piano: wazee walitembea na kubadili miondoko kwa kufuata muziki, mara moja kwa wiki, na kuanguka kukapungua. Nyumbani, aanze na nguvu na uthabiti wa mwili, kwa mfano kunyanyuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, au kusimama kwa mguu mmoja akiwa karibu na kitu cha kushika. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya aina hiyo angalau siku 3 kwa wiki. Hatua zikitulia, atembee huku akitaja majina ya wanyama, na baadaye abebe kikombe cha maji. Usimwongezee ugumu wa miguu na wa akili siku moja. Msaidizi akae ubavuni, nyuma kidogo, na mwenye kizunguzungu au aliyeanguka karibuni amwone daktari kwanza.

Zainabu: Akichanganya hesabu katikati ya njia, nimsahihishe?

Idrisa: La, mwache. Baadhi ya wasaidizi, tena kwa nia njema kabisa, hudakia "si tisini, ni themanini na nane", na mzee anageuza shingo kuwasikiliza akiwa bado mguu juu. Aliyeisahau namba akaendelea kutembea vizuri amechagua sawasawa. Anayenishughulisha ni yule anayepatia namba zote huku akipepesuka. Huyo ndiye ninayempunguzia hesabu siku inayofuata.