Uongo Njoo: Mtoto wa Kibanda Umiza Mbele ya Shaaban Robert

Mhadhara kwa wapenzi wa vitabu, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, habari zenu. Asanteni kwa kuja, hasa nyie wa Mbagala na Gongo la Mboto. Kwa mvua ya leo na foleni ile, aliyefika hapa ana mapenzi ya kweli.

Mshereheshaji amenisifu, nashukuru. Amesema mimi ni mwalimu wa Kiswahili na msomaji tangu utotoni. Hilo la pili amenistahi tu. Mimi ni mtoto wa kibanda umiza. (Kicheko.) Kabla sijamaliza kitabu hata kimoja bila kushikiwa fimbo, nilikuwa nimeshaona picha zisizo na idadi, Manzese, kwenye banda la mabati lenye televisheni ya chogo na deki iliyokuwa ikipulizwa vumbi kila kaseti ikigoma. Kiingilio shilingi 20. Tulikaa kwenye mbao zilizolazwa juu ya matofali, mgongo wako kwenye magoti ya mwenzio, dirisha limezibwa kwa blanketi ili mwanga usiingie, na hewa nayo ikabaki nje. Mtoto wa kike hakutakiwa pale, kwa hiyo nilivaa kofia ya kaka yangu na sikufungua mdomo.

Vijana mkumbuke, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, tena cha rangi, na hawakuchoka kutukumbusha. (Kicheko.) Sisi cha kwetu kilikuwa banda.

Banda letu lilikuwa na kijana aliyesimama pembeni ya televisheni ameshika mpini wa fagio. Kazi yake kututafsiria. Picha imetengenezwa Hong Kong, imewekewa sauti ya Kiingereza, sisi Kiingereza hatukijui, na baadaye nilikuja kugundua hata yeye hakijui. Lakini alitafsiri! "Steringi anamwambia adui: wewe ndiye ulimuua mzee wangu kule Tandale, leo Manzese hutoki!" Banda zima linalipuka. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo, niliiona tena picha ile yenye maandishi chini. Kumbe pale walikuwa wanaulizana bei ya farasi. Nawaambieni ukweli, ile ya yule kijana ilikuwa bora.

Baadaye kazi hiyo ikapata mabingwa wake. Lufufu, kwa mfano, wengi wenu mnaijua sauti yake, na mnajua mteja alivyouliza dukani "hii imetafsiriwa?" kabla hajauliza nani anacheza. Sisi walimu tunapofundisha fasihi simulizi tunachora ubaoni: fanani, yaani msimulizi, huku, hadhira kule. Kisha tunasema kwa huzuni kwamba fanani amekufa, televisheni imemuua. Mimi nilimwona kwa macho yangu kasimama pembeni ya hiyo televisheni, ana mpini wa fagio.

Mama yangu naye hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa mtu wa Drive-In, sinema ya uwanja wa wazi. Wakubwa mnaikumbuka, ilifunguliwa mwaka 1966 kule Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Wenye magari waliingia na magari yao, na wasio na magari waliingia kwenye magari ya watu, nyuma ya pikapu, na mikeka na vyakula. Huko, na sinema ya Avalon mjini, mama aliona picha za Kihindi, na kesho yake akawasimulia uani waliobaki na watoto. Nimemjua Raj Kapoor kwa mdomo wa mama miaka mingi kabla sijamwona mwenyewe. Mama alitoa maneno ya mama mkwe, ya binti, ya hakimu, kila mmoja na sauti yake, na Kihindi hajui hata kusalimia. Nikamuuliza, mama, ulijuaje wanasema hivyo? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Sasa mtu analia namna ile, atakuwa anasema nini kingine?"

Nimewapitisha Manzese na Msasani kwa sababu nimechoka na tabia yetu moja. Kwenye vikao vyetu hivi vya vitabu, mtu akitaka kuongelea picha aliyoiona juzi, anaanza kwa kuomba radhi: "Jamani, mtanisamehe, niliangalia muvi tu." Na akitaja hadithi za majini, au za watu wanaoruka nyota hadi nyota, ndiyo kabisa, anashusha sauti kama anayenunua dawa ya upele. Halafu haohao tukitaja Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, tunakaa wima.

Hebu tujaribu. Hadithi hadithi!

(Ukumbi: Hadithi njoo!)

Mmeishia wapi? Mnajiona? Malizieni.

(Ukumbi: Uongo njoo, utamu kolea!)

Basi hapo. Wazee wetu walisimama mlangoni mwa hadithi wakakaribisha uongo kwa jina lake, mchana kweupe, mbele ya watoto. Hawakusema "mafunzo njoo." Waliukaribisha uongo wakaupa sharti moja tu, ukolee. Mafunzo yalikuwemo, sikatai, lakini yaliingia na wageni wengine, hayakukaa mlangoni kukagua tiketi.

Sasa niwaambie nilivyofanya mimi, mtoto wa banda, nilipopewa chaki. Mwaka wa nne wa kazi yangu, shule ya sekondari moja hapahapa jijini, nilikuwa nafundisha Kusadikika. Kitabu cha mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha watu sheria, na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, wanne kwenye pande nne, mmoja mbinguni, mmoja ardhini, na jinsi nchi yao ilivyowalipa mateso waliporudi na habari njema. Mtu yuko kizimbani, roho yake iko mashakani, na silaha yake ni hadithi! Mimi nikaandika ubaoni: Kusadikika ni Tanganyika chini ya mkoloni. Karama, mpigania haki. Majivuno, jina linajieleza. Andikeni, hii hutoka kwenye mtihani.

Mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, hawa watu kama nchi yao iko angani, maji wanapata wapi?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, hilo ndilo linaloniuma. Nikamwambia, "Hilo halitoki kwenye mtihani, kaa." Akakaa. Sikumbuki kama alinyoosha tena kidole mwaka ule.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Yule mtoto alikuwa ameingia Kusadikika. Amefika, amezunguka, amesikia kiu. Sisi wengine tulikuwa bado tumesimama mpakani tunaandika noti. Banda la Manzese lingemwelewa, maana kule hakuna aliyeuliza dhamira. Tuliuliza: huyu atatokaje humu ndani? Yule mzee sumu ameipata wapi? Ndivyo anavyouliza mtu aliyeamini.

Na Shaaban Robert, nadhani, angemsikiliza. Tunamfanya sanamu, tunasahau alivyopenda mambo ya ajabu. Mchukueni Adili na Nduguze, 1952. Kisa kile alikichota Alfu Lela Ulela, kitabu cha hadithi za usiku elfu na moja, ambacho kilikuwa kimeshatafsiriwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1920. Katika kisa cha kale ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa mbwa. Yeye akawageuza manyani. Badiliko dogo, lakini fikirini. Mbwa tumemzoea kumfunga na kumpiga, Mungu atusamehe. Nyani ana vidole. Nyani ana uso unaofanana na wa nduguyo.

Sasa tazameni tukio lenyewe, maana hili ndilo limenileta leo. Usiku. Liwali wa Janibu, mtu wa heshima, mwadilifu kama jina lake, anaamka kitandani wakati watumishi wamelala. Anachukua mjeledi. Anaingia chumba walimofungwa manyani wawili, na anawapiga huku machozi yanamtoka yeye. Akimaliza anawabembeleza, anawalisha, anarudi kulala. Kesho yake anakaa barazani anahukumu kesi za watu. Usiku tena, mjeledi. Kwa nini? Kwa sababu jini aliyewageuza ameweka amri, na Adili akiacha, adhabu itamgeukia mwenyewe.

Mnahitaji nini kuipiga picha hiyo? Taa moja, ukuta mweupe, na kivuli cha mkono wa nyani ukijikinga. Haitaki fedha za Marekani. Tangu nikiwa na miaka 20 naisubiri filamu hiyo, na nikiona kijana amebeba kamera namsimamisha barabarani kumsimulia. Wengi hukimbia. (Kicheko.)

Hapo kuna jambo ambalo wenzetu wa Bongo Muvi wa miaka ya 2000 walilikaribia sana. Mussa Banzi alipotoa Shumileta, filamu yake ya kutisha, mji huu ulitetemeka. Nina shangazi alikuwa haendi chooni usiku bila kusindikizwa. Wasomi tukasema ni ushirikina. Tulikosea shabaha. Jini si tatizo, jini ni mwenyeji wetu. Tatizo la nyingi ya picha zilizofuata ni kwamba jini aliweza kila kitu. Anatokea anapotaka, anaua anayemtaka, halafu dakika ya mwisho mganga au mchungaji anapiga kelele, jini anaungua, kwisha. Hapo hakuna hofu, kuna makelele. Jini wa mvuvi katika Alfu Lela ni mkubwa kufika mawinguni, lakini kifuniko chenye muhuri wa Nabii Suleimani kinamfunga, na mvuvi masikini anamrudisha chupani kwa swali la ujanja tu: wewe, mkubwa hivi, uliingiaje humu? Jini wa Adili naye ana amri yake, ya kila usiku. Uongo uliokolea una amri zake, na mtunzi mwenyewe anazitii. Ukiruhusu jini wako aivunje amri kwa sababu umechoka kufikiri, msikilizaji anajua, hata wa banda la shilingi 20. Sisi tulizomea, tena kwa mdomo mmoja.

Vitabu vyetu vya namna hii havijaisha kwa Shaaban. Nagona na Mzingile za Kezilahabi, Walenisi ya Katama Mkangi, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anapakiwa kwenye chombo cha kumwangamiza na chombo kinamfikisha nchi nyingine kabisa, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Mkiviogopa kwa sababu mlivisomea mtihani, virudieni bila kalamu.

Mtaniuliza Vuta N'kuvute, najua, naona yule dada amekileta kitabu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na baadaye ikaiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Nilipoiona, nyuma yangu alikaa mzee mmoja mwenye riwaya kichwani. Kila baada ya dakika tano: "Hapa pamerukwa." Nusu nimgeukie. Lakini nilikuwa namwelewa. Kitabu cha Shafi kina mdomo, watu wake wanabishana, wanachekana, wanasengenyana mpaka unasikia mate. Filamu imechagua kunyamaza na kutazama. Mimi nimevipenda vyote viwili, kitabu zaidi kidogo, na wala sioni kama kimoja kinamdai mwenzake. Mama hakuidai picha ya Kihindi usahihi, aliimalizia mwenyewe uani.

Nimalizie deni langu kwa yule mvulana, halafu tule sambusa kabla hazijapoa.

Mwaka juzi nilikuwa kitandani na malaria, sina nguvu ya kusahihisha, nikaichukua Kusadikika nikaisoma kama mgonjwa, yaani bila kutafuta kitu. Kwenye mwanzo kabisa mwandishi anaeleza nchi ile inapakana na nini. Nimeifundisha sehemu ile labda mara kumi na tano. Mipaka ya Kusadikika ni pepo. Kaskazini upepo wa Kaskazi. Kusini upepo wa Kusi. Mashariki Matlai. Na magharibi?

(Sauti: Umande.)

Umande! Mabaharia wanaujua kama upepo, sisi wengine tunaujua kwa miguu iliyolowa alfajiri. Nikakaa kitandani na homa yangu nikaiona: watu wa nchi ya angani, kabla jua halijatoka, wanatembea hadi mpaka wa magharibi na majani mapana mikononi. Wanakinga.

(Sauti kutoka nyuma: Na kiangazi je, mwalimu?)

Wewe. Usikae huko nyuma. Sogeza kiti, njoo hapa mbele.