Asilimia 100.01: Hesabu Ndogo na Uchaguzi Mkubwa

Mabibi na mabwana, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mitandao ya kijamii, upotoshaji na siasa za zama hizi. Mada hiyo ni bahari, na mtu akiiingia bila kujua anaelekea kisiwa gani atachoka kabla hajafika popote. Kwa hivyo nitatia nanga mahali pamoja, hapa hapa Kenya, katika wiki chache za Agosti 2022, kwa sababu kuna hesabu moja iliyofanywa siku zile ambayo kwangu mimi inafunza zaidi kuliko nadharia nyingi.

Jioni ya tarehe 15 Agosti, ukumbini Bomas, Nairobi, mahali pa kujumlishia kura za nchi nzima, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka alimtangaza William Ruto kuwa mshindi wa uchaguzi wa rais kwa asilimia 50.49, dhidi ya asilimia 48.85 za Raila Odinga. Makamishna wanne kati ya saba walikuwa wameshayakana matokeo hayo, na kesho yake wakaeleza sababu. Moja ya sababu hizo ilikuwa kwamba ukijumlisha asilimia za wagombea wote wanne unapata 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000, ambazo zingeweza kubadilisha mambo.

Nipeni chaki. Asilimia 0.01 ya kura halali milioni 14.2 ni kura 1,420 hivi, wala si 142,000. Kosa hilo ni la mara mia. Lakini hata hizo 1,420 hazikuwapo. Ruto alipata kura 7,176,141, ambazo ni asilimia 50.4899, na ukikadiria hadi tarakimu mbili baada ya nukta unaandika 50.49. Odinga alipata 6,942,930, yaani asilimia 48.8491, nawe unaandika 48.85. George Wajackoyah, 0.4360, unaandika 0.44. David Mwaure, 0.2251, unaandika 0.23. Mnaona? Wote wanne walipandishwa kidogo, hakuna hata mmoja aliyeshushwa, na vijipande vile vinne vilipokutana vikazaa ile 0.01 iliyotikisa nchi. Ni jambo ambalo mwalimu wa hesabu wa darasa la nane angelimaliza kabla kengele haijalia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisemi kwamba makamishna wale walidanganya; moyo wa mtu ni msitu, nami sikuingia ndani yake. Ninachotaka tukitazame ni safari ya hesabu ile baada ya kutoka vinywani mwao. Kila mwenye simu alitoa kikokotoo, akajumlisha namba nne, na akapata 100.01 kweli! Hakuhitaji kumwamini mtu yeyote, kwa kuwa alijithibitishia mwenyewe. Anayetaka kusahihisha, kwa upande wake, anahitaji tarakimu nne baada ya nukta, anahitaji kueleza maana ya kukadiria, na anahitaji msikilizaji mwenye subira, na hivyo vitatu havipatikani kwa pamoja katika kundi la WhatsApp saa tatu usiku. Uongo mtupu ni rahisi kuukamata. Unaotushinda ni ule uliovaa kanzu ya kweli, ambao sehemu yake ukiikagua unaikuta sahihi, nawe unaimeza na ile iliyobaki.

Uwanja ulioipokea hesabu hiyo ulikuwa umelimwa zamani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Upeo ilibatilisha uchaguzi wa rais, na miongoni mwa yaliyoisukuma ni namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni, pamoja na Tume kukataa kuzifungua seva zake, yaani kompyuta zilizohifadhi matokeo, kama ilivyoamriwa. Tangu hapo neno "seva" likaingia katika Kiswahili cha vijiweni; hata muuza kahawa asiyewahi kuiona seva alijua kwamba ndani yake mna siri. Basi mwaka 2022 Tume ilifanya jambo ambalo mimi nalisifu mpaka leo. Iliweka mtandaoni, mbele ya macho ya ulimwengu, picha za Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000. Fomu hiyo ni karatasi moja tu, ina majina ya wagombea, kura za kila mmoja, na saini za mawakala na msimamizi wa kituo, mara nyingine kwa mwandiko wa mtu aliyekesha. Ilikuwa dawa nzuri, na kama dawa nyingi nzuri, ilikuwa na madhara yake.

Vyombo vya habari, kila kimoja kikiwa na vijana wake na laptopu zao, vilianza kujumlisha fomu hizo vyenyewe. Huyu alianzia Nyanza, ngome ya Odinga, yule alianzia Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, na kwa muda mfupi ukawa ukibadilisha stesheni unabadilisha rais. Hakuna stesheni iliyodanganya, kwa kuwa kila moja ilikuwa imejumlisha fomu halisi, ila si zilezile. Mashabiki walipiga picha za skrini, kila upande ukaokota ile iliyoupendeza, na picha hizo zikaendelea kuzunguka kwa siku kadhaa baada ya hesabu kubadilika. Kisha stesheni zikapunguza kasi, nyingine zikanyamaza kabisa, na kimya kile kikawa na ubaya wake, maana penye kimya cha wenye habari hapakosi sauti ya wasio nayo.

Sisi wa Mombasa tulikuwa na kimya chetu cha ziada. Kura ya ugavana iliahirishwa mkesha wa uchaguzi kwa sababu karatasi zake, zilizochapishwa Ugiriki, zilikuwa na picha na maelezo ya wagombea yaliyokosewa, na hatukuipiga hadi tarehe 29 Agosti. Wiki tatu za kungoja! Shangazi yangu wa Majengo alinitumia ujumbe wa sauti wa mwanamume asiyejitaja jina, anayenong'ona kama aliyejificha chooni, akidai kwamba karatasi zetu zilikosewa makusudi. Alama za mishale miwili zilionyesha kwamba ujumbe umeshapitia mikono mingi. Nilimuuliza shangazi ameupata wapi, akanijibu kwamba umetoka kwenye kundi la maulidi. Hapo nikajua sina la kufanya, kwani ujumbe unaoletwa na watu unaosali nao huingia nyumbani bila kupiga hodi.

Yako mengine ambayo hayatokani na minong'ono ya shangazi zetu, bali ni kazi ya mshahara. Ripoti ya Mozilla Foundation ya mwaka 2021 ilifuatilia kampeni 11 za upotoshaji kwenye Twitter ya Kenya, zenye machapisho zaidi ya 23,000 na akaunti zaidi ya 3,700, na nyingi ziliwalenga majaji na wanaharakati waliosimama dhidi ya BBI, ule mpango wa kuibadilisha Katiba. Vijana walipewa maagizo katika makundi ya WhatsApp, wakaambiwa watumie alama gani ya reli na saa ngapi, na wakalipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Mimi sina hasira na vijana hao kama wengi wanavyotaka niwe nayo. Kijana ana shahada na hana kazi. Ukimpa pesa ya unga atamtukana jaji asiyemjua. Hasira yangu naiweka kwa anayelipa, ambaye jina lake halionekani popote katika yale machapisho 23,000.

Kuna pia mtambo wenyewe. Mwaka 2017 Facebook iliamua kwamba nyuso za hisia, ukiwemo ule wa hasira, zihesabike mara tano ya kidole cha kupenda wakati wa kuchagua nini kionyeshwe kwa watu wengi zaidi. Hatua hiyo ilirudishwa nyuma baadaye, lakini fikirieni baraza ambamo aliyekasirika anapewa kura tano na aliyeridhika moja. Mngependa tuzungumze siasa huko?

Serikali nazo zina tiba zao. Kenya ilitunga sheria ya uhalifu wa mtandaoni mwaka 2018, na humo ikaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayechapisha habari za uongo za kuzua taharuki. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, Tanzania ikafanya hivyo Oktoba 2025. Mimi naona huko ni kurefusha kile kile kimya tulichokizungumza, na mwenye mamlaka ya kuamua lipi ni uongo huwa naye ni mgombea.

Nirudi kwa shangazi, maana najua mnataka kujua yaliishaje. Baada ya matokeo kutangazwa aliendelea kunitumia mambo ya 100.01, nami nikaona ubao hautasaidia. Nikaitafuta Fomu 34A ya kituo chake, shule aliyopigia kura tangu enzi za mlolongo, watu walipopiga kura kwa kupanga foleni, nikamtumia picha. Akaikuza kwenye simu, akasoma namba moja baada ya nyingine, akamtambua kwa saini wakala mmoja kuwa ni mtoto wa jirani. Akanipigia akicheka, akasema kweli, ndizo hizi hizi zilizobandikwa mlangoni usiku ule, alizisoma mwenyewe. Nikashusha pumzi. Kisha akaniuliza: "Haya, mwanangu, hicho ni kituo changu. Na hivyo vingine elfu arobaini na sita?"