Folda ya Wageni Isiyodai Nenosiri: Kupanga Samba Kwenye Linux

Karibu, ndugu mtazamaji. Katika video hii tutaiandaa kompyuta ya Linux ili folda yake moja ifunguliwe na yeyote aliyemo kwenye mtandao wa ndani bila kuulizwa nenosiri. Tutatumia Samba, programu inayowezesha kompyuta nyingine, zikiwemo za Windows, kufungua folda za Linux kupitia mtandao, na kabla hujagusa chochote naomba ushike jambo moja: mgeni hupita milango miwili, wa kwanza ni wa Samba yenyewe na wa pili ni wa ruhusa za faili za Linux, na mara nyingi anayelalamika kwamba amekataliwa huwa ameufungua mmoja akausahau wa pili.

Kwenye Debian au Ubuntu, sakinisha programu kwa amri hii:

sudo apt install samba smbclient

Sasa tengeneza folda, kisha uikabidhi kwa akaunti ya nobody, ambayo ndiyo Samba humvika mgeni usipoielekeza vingine:

sudo mkdir -p /srv/wageni
sudo chown nobody:nogroup /srv/wageni
sudo chmod 0775 /srv/wageni

Tafadhali usiiweke ndani ya /home. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huzuiwa kwa watumiaji wengine, kwa hiyo mgeni atakwama njiani hata kama folda anayoiendea iko wazi kabisa.

Mlango wa pili umefunguka, turudi kwenye ule wa kwanza. Weka nakala ya faili la mipangilio, kisha ulifungue:

sudo cp /etc/samba/smb.conf /etc/samba/smb.conf.zamani
sudo nano /etc/samba/smb.conf

Katika sehemu ya global, hakikisha upo mstari huu; kwenye Ubuntu kwa kawaida utaukuta tayari:

map to guest = bad user

Maana yake ni kwamba anayekuja na jina ambalo Samba hailijui atapokewa kama mgeni, ilhali mwenye akaunti akikosea nenosiri lake atakataliwa. Ipo thamani nyingine, bad password, ambayo nakusihi uiepuke, kwa sababu mwenye akaunti akikosea herufi moja tu ataingizwa kimyakimya kama mgeni, kisha atashangaa kwa nini haoni mafaili yake.

Teremka hadi mwisho wa faili, uandike:

[wageni]
path = /srv/wageni
guest ok = yes
read only = no
force user = nobody
hosts allow = 127. 192.168.1.

Mstari wa force user hufanya kila faili liwe na mmiliki mmoja, hata likiwekwa na mwenye akaunti. Mstari wa mwisho huzuia kompyuta zilizo nje ya mtandao wako; iache 127., ambayo ni seva yenyewe, na ubadilishe 192.168.1. ifanane na namba za mtandao wako. Ikiwa wageni wanakuja kuchukua mafaili tu, andika read only = yes, maana kompyuta moja yenye virusi inaweza kufuta kila kilichomo. Na kwa hali yoyote, usiifungue poti ya 445, ambayo Samba hupokelea wageni, kwa intaneti.

Kagua makosa ya uandishi kwa testparm, kisha uiwashe Samba upya. Amri ya tatu ni ya wanaotumia ukuta wa moto wa ufw, na namba zake pia uzibadilishe:

testparm
sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

Katika kujaribu, wengi huingia bila jina lolote, lakini njia hiyo haiupimi ule mstari wa map to guest. Mimi hutumia jina la kubuni, na anwani hii uibadilishe iwe ya seva yako:

smbclient //192.168.1.20/wageni -U mpitanjia%chochote

Ukikataliwa kabla ya kuona alama ya smb, anza kukagua faili la mipangilio. Ukiiona, lakini amri ya put jaribio.txt, inayopeleka faili hilo la kompyuta yako kwenye folda ya wageni, ikajibiwa NT_STATUS_ACCESS_DENIED, hakikisha read only ni no, kisha ukague ruhusa za folda. Mambo yakiwa sawa, ls -l /srv/wageni kwenye seva itaonyesha kwamba jaribio.txt ni la nobody.

Imebaki Windows. Kuanzia Windows 10 toleo la 1709, aina za Enterprise na Education hukataa kuingia kama mgeni, na Windows 11 toleo la 24H2 imelifikisha katazo hilo hadi aina ya Pro. Ulinzi huo unaweza kuzimwa, lakini sikushauri, kwa kuwa ukiuzima kompyuta hiyo itaikubali seva yoyote inayojifanya kuwa yako. Afadhali uwatengenezee watumiaji wa Windows akaunti moja ya pamoja kwenye seva:

sudo adduser madirisha
sudo smbpasswd -a madirisha

Wataandika nenosiri mara moja, waiambie Windows ilikumbuke, na kwa sababu ya force user mafaili yao yatachanganyika na ya wageni wengine bila kugombania ruhusa.