Chombo na Bendera Zake
(Mhadhara kwa manahodha, wamiliki wa boti na mafundi cherehani, Mikindani)

Wazee wangu, shikamooni. Manahodha, wenye boti, vijana mnaopeleka wageni kuzamia, na nyinyi mafundi cherehani mliokuja ingawa mliambiwa ni mambo ya bahari, karibuni sana. Mafundi wasiondoke mapema, zamu yao itafika.

Nimeombwa nizungumzie bendera kwenye vyombo vya watu binafsi. Ghuba yetu hupokea boti za matanga za wageni, na kila moja huja na vitambaa vyake. Sisi wenyewe tuna boti za starehe na za kuzamia, na tumezoea kutundika chochote kinachopendeza. Ninalotaka tuelewane leo ni hili: bendera ya chombo ni ushahidi. Mtu aliye mbali baharini hawezi kukuuliza wewe ni nani, umetoka wapi, una nini chini ya maji. Anaitazama bendera na kuamini. Ukitweka ambayo si haki yako, au ambayo wakati wake umepita, umetoa ushahidi wa uongo, na kuna siku mtu atautegemea.

Tuanze na kisa cha bahari yetu hii. Pwani ya Kilwa, Lindi na Mikindani ilipitisha watumwa wengi, tunajua. Katika karne ya 19 manowari za Uingereza zilikuwa zikisimamisha majahazi na kuyapekua. Ufaransa haikukubali chombo chenye bendera yake kipekuliwe na Mwingereza. Manahodha wa Sur, kule Oman, wakaliona hilo. Wengi wakajipatia hati za Kifaransa, wakatweka bendera ya rangi tatu, nao ni raia wa Sultani wa Muscat, mtawala wa Oman. Jahazi la Sur, nahodha wa Sur, mabaharia wa Sur, na kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, inapepea Ufaransa. Wamo waliokuwa wafanyabiashara halali waliochoshwa na usumbufu. Wamo pia waliobeba watu wakiwa wamefungwa ngamani, chini ndani ya chombo, na kitambaa kile ndicho kilichowafunika.

Uingereza na Ufaransa zikafikishana mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Uamuzi ulitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Wasuluhishi walisema kila dola ina haki ya kuamua nani apeperushe bendera yake na kwa masharti gani. Lakini Ufaransa ilikuwa imekwisha kujifunga kwa Mkataba wa Brussels wa 1890, uliowekwa kuzuia biashara ya watumwa. Kwa hiyo baada ya tarehe 2 Januari 1892 haikuwa na ruhusa ya kumpa bendera raia wa Sultani, isipokuwa yule aliyethibitika kuwa chini ya ulinzi wake. Waliopewa kabla ya hapo waliachiwa ruhusa yao. Ila hati zao hazikuweza kuhamia kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata kama mwenye majahazi yote mawili ni yule yule.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu watu wa pwani hudhani sheria za bendera zililetwa na meli kubwa za chuma. Hapana. Moja ya hukumu zinazotajwa sana duniani kuhusu bendera ya chombo ilihusu majahazi ya tanga kama yetu.

Msingi huo umo leo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Ibara ya 92 inasema chombo kitasafiri chini ya bendera ya nchi moja tu. Anayebadilisha bendera kwa kadiri inavyomfaa anaweza kuhesabiwa kuwa hana taifa, na chombo kisicho na taifa kinaweza kusimamishwa na manowari ya nchi yoyote kwenye bahari kuu. Tanzania yenyewe imeonja uchungu wa jambo hili. Januari 2018 Ugiriki iliizuia meli iitwayo Andromeda, ikiwa na bendera yetu, imebeba vitu vya kutengenezea vilipuzi. Serikali yetu ikasitisha usajili wa meli za nje. Hakuna Mmakonde wala Mmwera aliyekuwa na mkono katika shehena ile, lakini jina lililosomwa duniani kote lilikuwa Tanzania. Mimi jambo hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Sasa tuje kwenye boti zetu. Bendera ya kwanza ni ya taifa la chombo, na mahali pake ni tezini, kwenye mti wake, nyuma kabisa. Usajili kwa upande wa Bara uko TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na Zanzibar uko kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini ya huko. Aliyesajili Bara na aliyesajili Zanzibar, wote hupeperusha bendera ya Muungano. Kuhusu ukubwa, mabaharia wengi hufuata kipimo chepesi: kila futi ya urefu wa boti, inchi moja ya urefu wa bendera. Boti ya futi 40, bendera ya inchi 40. Ile ya heshima kwa nchi unayoizuru huwa nusu yake, inchi 20.

Mafundi, sasa zamu yenu. Mgeni anayefika hapa mara nyingi hana bendera ya Tanzania, anakuja kushonewa. Bendera yetu ni ya tarehe 30 Juni 1964, upana kwa urefu ni 2 kwa 3. Kijani kiko juu, upande wa mlingoti. Buluu iko chini, upande unaopepea. Mkanda mweusi unaanzia pembe ya chini kwenye mlingoti na kupanda hadi pembe ya juu ya upande unaopepea, na pande zake mbili una mstari wa manjano. Ukigeuza mkanda ukashuka badala ya kupanda, hiyo si bendera ya Tanzania tena. Shona kitanzi imara upande wa kijani, ili hata anayefunga gizani ajue juu ni wapi. Na pindo la upande unaopepea lishonwe mara mbili, maana upepo wa kusi huanza kula hapo.

Mgeni akiingia kutoka nje hutweka kwanza bendera ya manjano isiyo na alama yoyote, ile ya herufi Q katika alama za kimataifa. Maana yake: chombo changu kina afya njema, naomba ruhusa ya kuingia. Nawaomba vijana msiiogope mkadhani kuna maradhi ndani. Lakini msikikaribie chombo hicho, msipande, msiuze samaki wala kupokea mzigo, mpaka watu wa afya, uhamiaji na forodha wamalize kazi yao Mtwara bandarini. Wakimaliza, ya manjano inashuka, na bendera ya Tanzania inapanda upande wa kulia wa mlingoti. Hiyo ndiyo ya heshima kwa mwenyeji. Kwa kawaida ya bahari haitakiwi kuwa na bendera nyingine juu yake kwenye kamba ile ile, na haitakiwi kuwa imechanika. Mahali pengi ni desturi zaidi kuliko sheria, lakini mwenyeji huiona kabla hajamwona mgeni. Nasi tukivuka Ruvuma kwenda Palma tunapaswa kufanya vivyo hivyo: manjano kwanza, kisha bendera ya Msumbiji, nzima na safi.

Mtaona pia bendera za kipekee, na wengi mmeniuliza kuhusu za Waingereza. Boti ya kawaida ya Mwingereza hubeba bendera nyekundu yenye ile ya nchi yao kwenye pembe. Ukiona ya buluu, au nyekundu yenye nembo, mwenye boti ni mwanachama wa klabu iliyopewa ruhusa maalumu, na anatakiwa awe na hati yake. Nyeupe ni ya jeshi lao la majini, na klabu moja tu ya watu binafsi, Royal Yacht Squadron, ndiyo inayoruhusiwa kuitumia, kwa ruhusa iliyopewa 1829. Mwanachama akiuza boti, mnunuzi haruhusiwi kuendelea na bendera ile. Mnaona? Ni hukumu ile ile ya majahazi ya Sur: ruhusa haihami pamoja na mbao. Wamarekani nao wana bendera ya boti za starehe yenye nanga katikati ya duara la nyota 13, ya tangu 1848. Hizo za pembetatu ni za vilabu tu.

Kuna moja ninayoiheshimu kuliko zote hizo. Mwaka 1940, kati ya Mei na Juni, boti ndogo za watu binafsi zilivuka kutoka Uingereza kwenda kuokoa askari waliozingirwa Dunkirk. Boti zile zilizobaki zina bendera yao, msalaba mwekundu wenye nembo ya mji wa Dunkirk, na hutwekwa omoni, mbele ya chombo. Haki hiyo ni ya chombo chenyewe, kwa kile kilichokifanya. Tajiri hawezi kuinunulia boti mpya.

(Hapa nahodha mmoja aliuliza: na bendera za Simba, Yanga na vyama vya siasa tunazoziona kwenye mashua?)

Ahsante, kaka. Mpira ni furaha yetu na siasa ni haki ya mtu, sijaja kumvua mtu jezi. Ila zisikae tezini mahali pa bendera ya taifa, na zisiwe juu yake. Wala usiishone nembo ya timu ndani ya bendera ya taifa, maana tunayo Sheria ya Nembo za Taifa na si ya mchezo. Na zisiwe na rangi au umbo la kumchanganya anayesoma alama.

Hapo ndipo ninapofika kwenye bendera ninayoitaka zaidi leo. Vijana wa kuzamia, nisikilizeni vizuri. Bendera ya herufi A: nusu nyeupe upande wa mlingoti, nusu ya buluu yenye mkato kama mkia wa mbayuwayu. Inasema: nina mzamiaji chini, kaa mbali, punguza mwendo. Kanuni ya 27 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, inaitaka boti ndogo ya kuzamia ionyeshe bendera hiyo ikiwa ubao mgumu, kimo kisichopungua mita 1, ionekane pande zote. Boti zilizo chini ya mita 12 zimesamehewa alama nyingi katika kanuni hiyo, lakini hii ya mzamiaji hazikusamehewa. Usiseme boti yangu ni ndogo. Mita 1 ya ubao, si kitambaa cha leso kinacholala upepo ukitulia.

Kwa nini nakazania? Kule Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, watu wapo chini kwa kazi na kwa starehe, na juu yao zinapita boti za mashine. Rafadha, lile panga la mashine linalozunguka majini, haina macho. Nahodha wa boti inayopita anajua kuna mtu kwa ubao ule tu. Na hapa ndipo ushahidi wa uongo unapoua: baadhi ya boti huiacha A juu mchana kutwa, hata zinaporudi zimejaa wageni wanakula maembe. Nahodha akiiona kila siku bila mtu chini, siku ya tano hapunguzi mwendo tena. Mzamiaji wa mwisho akipanda, teremsha ubao kabla hujawasha mashine. Nanyi mnaopita, mkiuona, punguzeni hata kama mna shaka.

(Mzee mmoja wa Shangani aliuliza kuhusu saa za kutweka, na kuhusu msiba.)

Shikamoo, mzee. Yoti nyingi hutweka saa mbili asubuhi na kushusha jua likizama. Sisi nchi kavu tumezoea saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mpita njia husimama. Mimi naona boti zetu zifuate saa zetu, mgeni afuate zake, mradi isilale nje usiku. Kuhusu msiba, bendera haianzii nusu mlingoti. Pandisha mpaka juu kabisa, isimame kidogo, kisha ishushe hadi nusu. Jioni ipandishe tena mpaka juu, halafu ndipo uiteremshe na kuikunja. Kama boti haina mti mrefu tezini, nusu ya huo mti mfupi inatosha, watu wataelewa.