Rangi za Chati kwenye Dash: Ziwekwe Lini, Ziwekwe Wapi

Habari za mchana, wenzangu. Mada ya leo ni ndogo, ila inasumbua. Umejenga programu ya wavuti kwa Dash, maktaba ya Python inayochora chati zake kwa maktaba ya Plotly, unaifungua, na chati zako zina bluu ile ile na wekundu ule ule wa chati za kila mtu. Hizo ni rangi kumi za kiolezo (mpangilio wa mwonekano ulioandaliwa tayari) kinachoitwa plotly, ya kwanza ikiwa #636efa. Zikiisha, zamu inarudi mwanzo: kundi la kumi na moja linavaa rangi ya la kwanza, wala hupewi onyo.

Wengi hukimbilia faili la CSS, lile la mitindo ya ukurasa, kwenye folda ya assets. Huko mtahangaika bure. Plotly huchora kwa SVG (michoro ya maumbo ndani ya ukurasa) na kuandika rangi ndani ya kila kipande, hivyo kanuni zenu za CSS zinapitwa. Na kuna mtego jirani: mkiandika var(--bluu) kama rangi, Python inaipokea kimya kimya, halafu kwenye kivinjari rangi hiyo haitokei. Andikeni rangi kamili, na alama ya # mbele. Mkiisahau mtapata ValueError, na hilo ni kosa la heri maana linaonekana papo hapo.

Mahali pake ni kwenye kiolezo. Tazameni ukutani:

    import plotly.io as pio
    import plotly.graph_objects as go
    from dash import Dash

    pio.templates["kwetu"] = go.layout.Template(
        layout=dict(colorway=["#0072B2", "#D55E00", "#009E73", "#CC79A7"])
    )
    pio.templates.default = "plotly_white+kwetu"

    app = Dash(__name__, use_pages=True)

Orodha ya rangi zetu ni hiyo colorway. Alama ya kujumlisha inaunganisha violezo viwili, na cha kulia ndicho chenye kauli. Mkiandika kwetu+plotly_white, rangi zenu zinafunikwa.

Sasa angalieni mstari wa mwisho ulipokaa. Chati huchukua kiolezo pale inapoundwa, haisubiri hadi ionyeshwe. Na Dash yenye kurasa nyingi husoma faili zote za folda ya pages wakati ule ule Dash(...) inapoitwa. Ukiweka kiolezo chini ya mstari huo, chati zilizoundwa moja kwa moja kwenye faili za kurasa zimeshavaa rangi za zamani, ilhali zinazoundwa mtumiaji anapobofya kitu zinatoka na mpya. Programu ikiwa nusu hivi, nusu vile, anzeni kutafuta hapo kabla hamjalaumu kivinjari.

Plotly Express, njia ya mkato ya Plotly inayoandikwa px kwenye msimbo, ina tabia yake: inasoma rangi kwenye kiolezo, kisha inaziandika ndani ya pau na mistari yenyewe. Ndiyo maana kitufe cha mchana na usiku kinachoita update_layout(template="plotly_dark") hubadilisha mandhari na maandishi, lakini pau zinabaki zilivyokuwa. Iundeni chati upya, mkiipa px.bar kiolezo kipya kwa template=. Ukichora pau kwa go.Bar ya Plotly yenyewe bila kutaja rangi, tatizo hilo hulioni.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote halina ujumbe wowote. Rangi hugawiwa kwa zamu, kwa kufuata nani katokea kwanza kwenye data. Mahindi ya kwanza, yanapata bluu. Maharage yanafuata, yanapata nyekundu ya machungwa. Mtumiaji akiondoa mahindi kwenye kichujio, maharage yanageuka bluu, na aliyezoea bluu anasoma tani za maharage akidhani ni za mahindi. Fungeni rangi kwenye jina:

    RANGI = {"mahindi": "#0072B2", "maharage": "#D55E00", "mchele": "#009E73"}
    px.bar(df, x="mwezi", y="tani", color="zao", color_discrete_map=RANGI)

Majina yalingane herufi kwa herufi. "Mahindi" yenye herufi kubwa, au "mahindi" yenye nafasi mwishoni, ni jina jingine kabisa, na litapewa rangi ya zamu.

Kwa haraka: safu ya miaka ikiwa namba, kama 2023 na 2024, Plotly Express huileta kwa rangi zinazofifia taratibu badala ya kutumia orodha yenu. Igeuzeni maandishi kwanza kwa astype(str).

Mtaniuliza kwa nini rangi nne tu. Zimetoka kwenye seti ya rangi nane ya wanasayansi wa Japani, Masataka Okabe na Kei Ito, iliyotengenezwa kwa kuwafikiria wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Lakini kutofautiana zenyewe kwa zenyewe ni jambo moja, kuonekana juu ya karatasi ni jingine. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa 2018, ule wa kufanya wavuti ifikike na watu wote, unataka sehemu za mchoro zinazobeba maana ziachane na mandhari kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 3 kwa 1. Juu ya nyeupe, #0072B2 inafika kama 5.2, na #CC79A7 inapita kwa shida, 3.06. Njano yao, #F0E442, ina 1.3 tu, mstari mwembamba wa rangi hiyo hauonekani. Juu ya weusi wa plotly_dark mambo yanageuka: njano hiyo hiyo inapanda hadi kama 14, na bluu inashuka hadi 3.6. Basi kiolezo cha usiku kiandikieni orodha yake, njano ikiwemo.